Fluoksetini na Olanzapini kwa Pamoja: Uchambuzi wa Jaribio la Panya la Mwaka 2000

Mwaka 2000 watafiti wa maabara za kampuni ya Eli Lilly, mjini Indianapolis nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Neuropsychopharmacology matokeo ya kuwapa panya dawa mbili kwa pamoja: fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, na olanzapini, ambayo ni dawa ya saikosisi, yaani maradhi ya akili yanayomfanya mtu apoteze uhalisia. Jaribio hilo linastahili kuchambuliwa peke yake, kwa kuwa tarakimu zake mbili zimekuwa zikinukuliwa kila inapotetewa desturi ya kumwongezea mgonjwa wa sonona dawa ya saikosisi, na wanaozinukuu mara nyingi huiacha sehemu ya jaribio iliyo na uzito zaidi kuliko tarakimu zenyewe.

Tuanze na mfuatano wa mambo. Tumezoea kusikia kwamba dawa hujaribiwa kwa wanyama kwanza, kisha kwa watu. Hapa njia ilifuatwa kinyumenyume. Olanzapini ilikuwa imeruhusiwa Marekani tangu mwaka 1996 kwa ajili ya skizofrenia, na fluoksetini tangu mwaka 1987 kwa ajili ya sonona. Madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba baadhi ya wagonjwa wa sonona sugu, ambao fluoksetini peke yake haikuwafaa, walipata nafuu walipoongezewa olanzapini. Richard Shelton na wenzake walichapisha mwaka 2001 jaribio dogo la wagonjwa 28, la wiki 8, lililoonyesha jambo hilo, na ripoti ya panya yenyewe inaanza kwa kusema wazi kwamba lengo lake ni kuelewa ni kwa njia gani mchanganyiko huo huwasaidia wagonjwa. Kwa maneno mengine, panya hakuulizwa kama mchanganyiko unafaa. Aliulizwa kwa nini unafaa, na swali la namna hiyo, ambalo jibu lake la kwanza limekwisha kukubaliwa kabla ya kazi kuanza, huridhika upesi kuliko inavyopasa.

Dawa zote mbili zilikuwa mali ya kampuni iliyofanya jaribio. Miongoni mwa waandishi wa ripoti yumo David T. Wong, mmoja wa wanasayansi waliogundua fluoksetini katika miaka ya 1970, na hataza ya fluoksetini, iliyouzwa kwa jina la Prozac, ilikuwa karibu kwisha. Dawa zenye kiungo hichohicho kutoka kwa watengenezaji wengine ziliingia sokoni Marekani mwaka 2001. Siyataji haya ili kuyatia doa matokeo, ambayo kwa kadiri ya vipimo vilivyotumika ni mazuri. Nayataja kwa sababu yanaeleza ni kwa nini dawa hizi mbili hasa, kati ya michanganyiko mingi iliyowezekana, ndizo zilizowekwa katikati ya jaribio, na nyingine zikazungushwa pembeni kama vilinganishi.

Njia iliyotumika huitwa mikrodayalisisi. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, fuvu hutobolewa tundu dogo mahali palipopimwa kwa sehemu za milimita kutoka kwenye maungio ya mifupa ya kichwa, na mrija mwembamba wa kuongozea hukazwa kwa saruji ya meno. Akishapona, huingizwa kupitia mrija huo kichunguzi chenye ncha ya utando unaopitisha molekuli ndogo tu, na pampu husukuma ndani yake maji ya chumvi yaliyolinganishwa na majimaji ya ubongo, kwa mwendo wa mikrolita moja au mbili kwa dakika. Kemikali zilizotoka kwenye seli za neva na kuelea katika nafasi iliyo kati ya seli hupenya utando na kuchukuliwa na maji hayo hadi kwenye kichupa. Kila baada ya muda maalumu kichupa hubadilishwa, na kilichomo hupimwa kwa mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa umeme. Wakati wote huo panya yu macho, anatembea katika kizimba chake huku mirija ikimfuata juu ya kichwa. Watafiti husubiri hadi sampuli kadhaa mfululizo zitoe kiwango kilekile, ambacho ndicho kiwango cha msingi, kisha hutoa dawa na kuendelea kukusanya kwa saa kadhaa. Eneo lililochunguzwa katika kisa hiki ni sehemu ya mbele kabisa ya gamba la ubongo, inayohusishwa na uamuzi, umakini na udhibiti wa hisia.

Matokeo makuu yanaelezeka kwa maneno machache. Panya waliopewa dawa zote mbili, dopamini yao ilipanda hadi asilimia 361 ya kiwango cha msingi, na noradrenalini hadi asilimia 272, na viwango hivyo vilidumu. Hizi ni kemikali ambazo seli za neva hupashana ishara kwazo. Kila dawa ikitolewa peke yake ilipandisha kidogo kuliko hapo. Serotonini, ambayo ndiyo kemikali ambayo fluoksetini ilitengenezwa kwa ajili yake, ilipanda chini kidogo ya vile ilivyopandishwa na fluoksetini peke yake.

Tarakimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu zimesomwa vibaya mara nyingi. Asilimia 361 ya kiwango cha msingi maana yake ni mara tatu na nusu hivi ya kiwango hicho. Ongezeko lenyewe, basi, ni asilimia 261. Alama ya kujumlisha na kutoa 28 inayofuata tarakimu hiyo katika ripoti ni kosa sanifu la wastani, yaani kipimo cha uhakika wa wastani, na msomaji asidhani kwamba kila panya alikuwa kati ya 333 na 389. Zaidi ya hayo, dopamini iliyopo nje ya seli katika gamba la mbele ni chache mno tangu mwanzo, na kitu kilicho kichache kikiongezeka kidogo tu, asilimia yake huonekana kubwa. Hakuna ajuaye, kwa kuitazama asilimia hiyo, ni kiasi gani cha ongezeko kinachotosha kubadilisha kazi ya seli zinazoipokea.

Sehemu iliyo na uzito zaidi ni ile ya vilinganishi. Watafiti hawakuishia kwa olanzapini. Walijaribu fluoksetini pamoja na klozapini, pamoja na risperidoni, pamoja na haloperidoli, ambazo nazo ni dawa za saikosisi, na pamoja na kemikali ya utafiti iitwayo MDL 100907, ambayo huziba karibu kipokezi kimoja tu cha serotonini (kipokezi ni sehemu ya seli inayopokea kemikali), kile cha aina ya 2A. Kisha wakageuza upande wa pili: wakaibakiza olanzapini na kuibadilisha dawa ya sonona, wakitumia sertralini, ambayo ni ya kundi lilelile la fluoksetini. Klozapini na risperidoni zilipandisha dopamini na noradrenalini, lakini kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi zaidi. Haloperidoli na MDL 100907 hazikuongeza chochote juu ya kile kilichofanywa na fluoksetini peke yake. Sertralini pamoja na olanzapini iliongeza dopamini tu, na noradrenalini ikabaki bila nyongeza.

Vilinganishi hivi vinasema mengi kwa pamoja. Haloperidoli, ambayo ni mojawapo ya dawa zinazotumika sana katika wodi za magonjwa ya akili za Afrika Mashariki, huziba hasa kipokezi cha dopamini cha aina ya D2. Kwa kuwa haikuongeza kitu, kuziba D2 peke yake hakutoshi kueleza kilichotokea. MDL 100907 nayo haikuongeza kitu, kwa hiyo kuziba 2A peke yake nako hakutoshi. Olanzapini huziba vyote viwili, na zaidi ya hapo huziba kipokezi cha serotonini cha aina ya 2C, cha histamini aina ya H1, na vipokezi kadhaa vya asetilikolini. Kwa hiyo jibu limefichika katika mjumuiko wa vipokezi fulani, na jaribio hili halikuundwa kwa namna ya kuubainisha mjumuiko huo. Kilichokosekana ni panya waliopewa fluoksetini pamoja na MDL 100907 na haloperidoli kwa wakati mmoja. Kundi hilo moja lingetuambia kama D2 na 2A zikizibwa pamoja zinatosha, au kama kuna mkono wa kipokezi cha tatu.

Kuhusu kipokezi hicho cha tatu, dokezo lilitolewa mwaka 2002 na watafiti wa kampuni hiyohiyo, wakiongozwa na Frank Bymaster. Walionyesha kwamba miongoni mwa dawa za kundi la fluoksetini, ni fluoksetini iliyopandisha dopamini na noradrenalini katika gamba la mbele la panya, hali sertralini, sitalopramu, paroksetini na fluvoksamini hazikufanya hivyo kwa namna hiyo. Maelezo yao yalikuwa kwamba fluoksetini, mbali na kuzuia serotonini isirudishwe ndani ya seli, huziba kidogo kipokezi cha 2C, na kipokezi hicho kwa kawaida huzuia utolewaji wa dopamini na noradrenalini. Ikiwa ndivyo, basi fluoksetini na olanzapini hukutana mlango mmoja: zote mbili hulegeza breki ya 2C. Sertralini haina sifa hiyo kwa kiasi cha kutajika, na ndiyo maana pengine noradrenalini haikupata nyongeza sertralini ilipotumiwa badala ya fluoksetini. Maelezo haya yanapatana na data vizuri. Lakini yakikubaliwa, yanapunguza nguvu ya dai pana, kwa sababu matokeo ya panya hawa yatakuwa ni ya fluoksetini hasa, na hayawezi kutumika kuhalalisha kila muungano wa dawa yoyote ya sonona na dawa yoyote ya saikosisi.

Kuna jambo jingine kuhusu dopamini ya gamba la mbele ambalo wasomaji wengi wa ripoti hii hulipita. Katika sehemu za ndani za ubongo, dopamini ikishatolewa hurudishwa ndani ya seli na kisafirishi chake yenyewe. Katika gamba la mbele visafirishi hivyo ni vichache, na dopamini hubebwa kwa sehemu kubwa na kisafirishi cha noradrenalini. Tena, Paola Devoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cagliari, Italia, walitoa mwaka 2001 ushahidi kwamba sehemu ya dopamini inayopimwa katika gamba hutoka kwenye ncha za seli za noradrenalini zenyewe, zinazoitoa pamoja na noradrenalini. Kwa hiyo dopamini na noradrenalini zinapopanda bega kwa bega katika gamba la mbele, haitupasi kuhesabu mafanikio mawili yaliyo huru. Huenda tunatazama tukio moja, yaani kuamka kwa seli za noradrenalini, likiwa limepimwa mara mbili.

Seli hizo zina makao yake katika kiini kidogo cha shina la ubongo, na kutoka huko hutuma nyuzi zake karibu kila mahali. Steven Szabo na Pierre Blier walionyesha kwa panya, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2002, kwamba dawa za kundi la fluoksetini zikitolewa kwa siku nyingi hupunguza mwendo wa seli hizi kurusha ishara, na kwamba ukikiziba kipokezi cha 2A mwendo huo hurudi. Kemikali waliyoitumia kukiziba ni MDL 100907, ileile ambayo huko Indianapolis haikuongeza chochote. Miaka mitatu baadaye Gerard Marek na wenzake walikwenda mbele zaidi, wakaitumia kemikali hiyo pamoja na fluoksetini katika jaribio la tabia. Katika jaribio hilo panya hujifunza kubonyeza kitufe ili apate tuzo, kwa sharti kwamba asikibonyeze tena kabla ya sekunde 72 kupita. Akiwahi, saa huanza upya na tuzo hukosekana. Panya wa kawaida hana subira hiyo, na dawa za sonona humfanya asubiri vizuri zaidi na kupata tuzo nyingi zaidi. Kemikali hiyo ya kuziba 2A iliongeza waziwazi matokeo ya fluoksetini katika mtihani huo.

Hapa ndipo hoja kuu ya ripoti ya mwaka 2000 inapoyumba. Ripoti ilisema, kwa tahadhari inayofaa kusifiwa, kwamba ongezeko kubwa na la kudumu la kemikali tatu katika gamba la mbele ni la pekee kwa fluoksetini na olanzapini, na kwamba huenda linachangia nafuu kubwa inayoonekana kwa wagonjwa. Waliofuata waliliondoa neno “huenda”. Lakini kama mchanganyiko ambao haukuongeza kemikali kuliko fluoksetini peke yake unaweza kuzidisha tabia inayochukuliwa kuwa dalili ya nguvu ya dawa za sonona, basi kipimo cha kemikali nje ya seli, baada ya dozi moja, hakiwezi kuchukuliwa kuwa mizani ya ubora wa michanganyiko. Kupanda hadi asilimia 361 kunaweza kuwa kweli kabisa na bado kusiwe sababu ya nafuu.

Dozi moja ndiyo kasoro ambayo mtu yeyote aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa sonona ataiona mara moja. Fluoksetini huchukua wiki kadhaa kabla ya kumfaa mgonjwa kikamilifu, ilhali serotonini hupanda saa ileile. Panya hawa walipimwa ndani ya saa chache, wakiwa wazima, wasio na hali yoyote inayofananishwa na sonona, sembuse sonona sugu. Shitij Kapur na wenzake walionya pia, mwaka 2003, kwamba mwili wa panya huziondoa dawa za saikosisi haraka sana kuliko mwili wa binadamu, kwa wastani mara nne hadi sita, kiasi kwamba dozi inayoonekana sawa kwenye karatasi hutoa picha tofauti kabisa kwenye vipokezi. Olanzapini hupungua hadi nusu katika damu ya binadamu kwa takriban saa 30, na katika panya kwa saa chache tu. Anayetaka kumpa panya dawa hiyo kwa wiki tatu, akidhani kwamba sindano moja kwa siku inatosha, atakuwa na panya ambaye sehemu kubwa ya siku hana dawa ya kutosha mwilini.

Jambo la uzito wa mwili linanisumbua zaidi. Olanzapini inajulikana mno kwa kumnenepesha mgonjwa na kuvuruga sukari na mafuta katika damu, hata mwaka 2004 vyama vya Marekani vya kisukari na vya madaktari wa akili vilitoa tamko la pamoja kuhusu hatari hiyo kwa kundi zima la dawa mpya za saikosisi. Panya wa kike wakipewa olanzapini hula zaidi na kunenepa. Panya wa kiume kwa kawaida hawanenepi, na maabara nyingi za neva zilikuwa zimezoea kutumia wa kiume pekee. Mtu akitegemea panya wa kiume atapata habari za kupendeza kuhusu gamba la ubongo na kukosa habari za kiuno.

Kwa wagonjwa, mambo yalikwenda kwa hatua zisizo sawa. Mwaka 2003 Mauricio Tohen na wenzake walichapisha jaribio la watu 833 wenye sonona ya ugonjwa wa hisia mbili (bipolar), na baada ya wiki 8 dalili zilikuwa zimekwisha kwa asilimia 48.8 ya waliopewa mchanganyiko, asilimia 32.8 ya waliopewa olanzapini peke yake, na asilimia 24.5 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Desemba ya mwaka huohuo mchanganyiko uliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huo, katika kidonge kimoja kilichoitwa Symbyax. Kwa sonona sugu, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuwachunguza panya, ushahidi ulisitasita. Shelton alirudia kazi yake kwa watu 500 na kuitoa mwaka 2005. Mchanganyiko ulifanya kazi haraka zaidi, lakini ilipofika mwisho wa wiki 8 haukuwa umeizidi fluoksetini kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2007 Michael Thase na wenzake waliripoti majaribio mawili pacha: moja lilionyesha tofauti, la pili halikuonyesha, na yalipounganishwa dalili zilikuwa zimekwisha kwa asilimia 27.3 ya waliopewa mchanganyiko dhidi ya 16.7 kwa fluoksetini na 14.7 kwa olanzapini. Waliopewa mchanganyiko waliongezeka uzito kwa takriban kilo 5 katika wiki hizo 8. Ruhusa ya Marekani kwa sonona sugu ilitolewa mwaka 2009.

Tofauti hiyo ya asilimia kumi na kitu ni ya kweli na ina faida kwa mgonjwa aliyekwisha kushindwa na dawa nyingine, lakini ni ya kadiri tu, na haikuweza kutabiriwa kutokana na ukubwa wa ongezeko lililopimwa kwa panya. Vilevile risperidoni, ambayo katika gamba la panya ilionekana dhaifu ikilinganishwa na olanzapini, imekuja kuonyesha faida ikiongezwa kwa wagonjwa wa sonona, na aripiprazoli, dawa nyingine ya saikosisi, ambayo haimo kabisa katika jaribio hili na ambayo hukisisimua kwa kiasi kipokezi cha D2 badala ya kukiziba tu, iliruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2007, miaka miwili kabla ya mchanganyiko wa olanzapini na fluoksetini kuruhusiwa kwa sonona sugu.

Anayetaka kulirudia jaribio hili leo katika maabara ya chuo hana budi kubadilisha mambo machache yenye gharama. Dawa zitolewe kwa pampu ndogo inayozikwa chini ya ngozi, kwa muda wa wiki tatu au zaidi, na kiasi chake kipangwe kwa kupima ni sehemu gani ya vipokezi vya D2 imezibwa, badala ya kukisia kwa miligramu kwa kilo. Panya wawe wa kike na wa kiume, nusu kwa nusu, na wapimwe uzito na sukari ya damu sambamba na kemikali za ubongo. Kiwango cha dawa zote mbili kipimwe katika damu na katika ubongo, kwa sababu fluoksetini huingilia vimeng'enya vya ini vinavyoziondoa dawa nyingine. Kwa binadamu imeonekana kupandisha kilele cha kiwango cha olanzapini katika damu kwa asilimia 16 tu, lakini kwa panya hilo halifai kuchukuliwa kuwa hivyo bila kupimwa. Na liwepo lile kundi la haloperidoli pamoja na kizuizi cha 2A, ambalo mwaka 2000 lilikuwa hatua moja tu mbele ya makundi yaliyokuwepo.